Sare ya Likizo

Troyeville,
Johannesburg.
Jumapili, 4 Januari 2026

Mpendwa dada yangu Zabibu,

Shikamoo, Da Zabibu. Assalaam alaykum wewe na nyumba yako yote, wakubwa kwa wadogo, waliolala na walio macho. Kabla sijakueleza neno lolote nataka kujua goti linaendeleaje. Mara ya mwisho ulisema mafuta ya yule mama wa Pongwe yamesaidia, kisha hukulitaja tena, na wewe ukilinyamazia jambo najua bado lipo. Je, unakanyaga cherehani mwenyewe au umemwachia mwanao Mussa? Na lile bati la ukumbini lililokuwa likivuja, lilizibwa kabla ya vuli au mliendelea kuweka beseni?

Sisi huku hatujambo. Mimi mzima, shemeji yako Mansour mzima na maneno yake mengi, mwanao Shufaa mzima. Ameota meno mawili ya mbele, makubwa, akicheka unaona meno kwanza halafu mtoto. Mvua zinanyesha karibu kila jioni na radi za huku unazijua nilivyokusimulia, lakini asubuhi jua linatoka kama halijui lolote.

Barua hii anakuletea Twalib, kijana wa Bertrams, anayepanda basi kesho kwenda nyumbani kuoa. Ningeweza kukutumia sauti kwenye simu, lakini wewe sauti unaisikiliza nusu halafu unanipigia kuniuliza nilichokwisha kusema. Tena jambo lenyewe refu, na lina aibu ndani yake. Afadhali ulisome umekaa.

Uliniuliza kama ni kweli serikali ya huku inalisha watoto hata shule zikifungwa, maana kuna mtu kakwambia na wewe ukaona anakutania. Da Zabibu, kwa hapa kwetu, mwaka huu ni kweli. Siku za masomo watoto wanakula shuleni saa za mapumziko: pap, ambayo ni ugali huuhuu wetu, kwa kabichi au maharage au samaki wa kopo. Siku nyingine wanapewa samp, na samp ni makande tu, si kitu kingine. Nikipika makande nyumbani Shufaa ananiambia nimeiga shule.

Ubaya wake ulikuwa likizo. Desemba huku ndiyo majira ya joto na ndiyo likizo ndefu. Watoto wanarusha mabegi juu kwa furaha, na sisi mama zao tunatazamana. Mtoto aliyekuwa na uhakika wa kula mchana sasa anakugeukia wewe, na matumbo ya watoto hayafungwi pamoja na shule. Basi mwaka huu watu wa ustawi wa jamii wakaja na masufuria yao kwenye ukumbi wa shule ya kina Shufaa. Wanapika Jumatatu hadi Ijumaa, mtoto yeyote anakula. Hawaulizi makaratasi, wala hawaulizi umetoka nchi gani. Sharti lao moja tu, mtoto ale palepale, asitoke na chakula, maana wakiruhusu watu kubeba hakitafika kwa wote. Mimi nawaombea dua kila nikiwaona na aproni zao. Kumpikia mtoto usiyemzaa kwenye joto lile si kazi ndogo.

Sasa tuje kwa shemeji yako. Unamjua Mansour anavyojisifu kwa Kizulu. Kwa kuwa anauza mikanda na vifuniko vya simu kule Marshalltown, na wateja wake wanamchekea, anaona hakuna asichokijua. Anasema Kizulu ni Kiswahili kilichohamia kusini: nyama ni inyama, meno ni amazinyo, mali ni imali, kulala ni kulala, basi umemaliza. Mimi nimeshamwambia lugha haiwi hivyo, akaniambia nina wivu.

Shule zilipofungwa, Shufaa alileta habari ya chakula nusunusu, kwa Kiingereza chake cha haraka. Baba yake akasema anakwenda kuuliza mwenyewe, kama mwanamume. Akaenda hadi geti kubwa la shule, akamkuta mlinzi mmoja mtu mzima, wanamwita baba Steve. Akamuuliza habari za chakula cha watoto. Yule mzee akamjibu, "Kuvaliwe, baba. Kuvaliwe lapha," huku akijigusa kifuani, kisha akapunga mkono kuelekea nyuma.

Mansour akarudi kifua mbele. Akatukusanya jikoni, mimi na Emérite, akatutangazia kwamba chakula kipo lakini sharti kuvaliwe sare. Mlinzi mwenyewe kamwonyesha na shati lake la kazi alivyovaa. Bila sare, mtoto hapiti. Nilimuuliza kama ana hakika. Akanijibu, sasa "kuvaliwe" nayo inataka mkalimani?

Emérite unamkumbuka, yule Mrundi tunayepanga naye nyumba moja, niliyekutumia picha yake amejifunga kanga uliyoniletea. Mumewe, Léonce, yuko Durban anatafuta kazi, na kazi yenyewe inamkwepa. Emérite alikuwa akiosha nywele kwenye saluni ya mjini, lakini mimba ilipokuwa kubwa walimwambia akapumzike, na hawakumwambia arudi lini. Ana binti mmoja, Arlène, wa miaka kumi, amezaliwa hapahapa. Kiswahili chetu anakisikia vizuri sana lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kizulu au Kiingereza, kama watoto wote wa huku. Ni mtoto mpole, ana macho ya mtu mzima.

Habari ya sare ikawa kisu kwa Emérite. Gauni la shule la Arlène lilishambana, na siku shule zilipofungwa alilitoa kwa mtoto mdogo wa kanisani kwao, akijua Januari atajua la kufanya. Arlène naye alikuwa amesimama mlangoni, akasikia yote. Basi Shufaa wetu akawa anavaa sare kila asubuhi katikati ya likizo, soksi hadi magotini, na Arlène anabaki nyumbani.

Shufaa alilalamika, tena sana. Alisema watoto wenzake wanamcheka. Baba yake akamwambia wanamcheka kwa kuwa yeye ni nadhifu.

Hapo ningeweza kusema si neno, nitamlisha mimi. Na nilijaribu, dada. Lakini wewe ulitulea na desturi ya kwamba sahani ya jirani hairudi tupu, na mimi desturi hiyo nimekuja nayo huku. Tangu tuhamie nyumba hii, nikimpelekea Emérite bakuli la mchuzi, linarudi na ndizi. Yeye akinipelekea maharage, sahani yake inarudi na maandazi. Alilipenda jambo hili akalishika kuliko mimi. Sasa hana cha kutia kwenye sahani, akawa hapokei. Nikibisha hodi na chakula, anafungua mlango nusu, ananiambia, "Siko na njaa, Mama Shufaa, vraiment, kweli kabisa. Tumeshakula." Na jiko letu ni moja, mimi naona sufuria ya nani imewaka na ya nani imelala.

Siku ya pili baada ya Krismasi nilirudi mapema kutoka Malvern, kule Jules Street ninapoweka cherehani yangu ya kufupisha suruali za watu. Nikamkuta Arlène jikoni, peke yake. Nilikuwa nimeacha sufuria ya wali nimeiloweka kwenye sinki. Mtoto alikuwa amemwaga maji, anakwangua ukoko kwa kijiko, taratibu ili usisikike. Nusu anakula na nusu anauweka pembeni juu ya kifuniko. Aliponiona aliganda. Nikajifanya nimefuata kisu, nikatoka. Nilikwenda kukaa chooni, Da Zabibu, nikalia nikafunika mdomo kwa mtandio. Nikajiambia huyu anajiwekea akiba ya jioni, na hilo peke yake lilinitosha kunivunja.

Nikaona dawa ni sare. Kitambaa cha kijivu nilichokuwa nacho hakitoshi hata mfuko. Mansour alikuwa ananisikiliza nikipekua mafurushi. Akaenda kwenye sanduku, akarudi na suruali yake ya kijivu, ile ya suti aliyonioa nayo, akaniwekea mapajani. Akasema koti litamtosha. Nakuandikia haya ili ukimcheka kwa yatakayofuata, ukumbuke pia na hili.

Nilifumua suruali ile nikashona gauni la shule, lenye malinda mawili mbele na mawili nyuma, upindo mrefu wa kuachia akirefuka, kama ulivyonifundisha. Niliweka hadi kitanzi cha mkanda. Emérite alipoliona alikaa kitandani, akalishika kwa mikono miwili, akaniambia kitu kwa Kirundi ambacho sikuhitaji kutafsiriwa. Arlène alilivaa. Lilimkaa sawasawa. Lakini hakufurahi, nami nikajiambia labda anaona haya.

Jumatatu nikawapeleka mwenyewe, Shufaa mkono huu na Arlène mkono huu, wote wamenyooka kama siku ya kufungua shule. Tukafika geti kubwa. Baba Steve akatuona, akatikisa kichwa kwa upole, akasema, "Kuvaliwe, mama."

Nami kwa majivuno yote nikawasukuma mbele. Nikamwambia, "Ndiyo, baba, wamevaa. Wote wawili wamevaa."

Yule mzee akanitazama. Akawatazama watoto. Akazigusa funguo zinazoning'inia kifuani pake, ndipo nikaelewa Mansour aliona nini, akarudia neno lake polepole kama unavyomwambia kiziwi, kisha akaonyesha nyuma ya shule. Shufaa akanivuta kanga, uso umemshuka kwa aibu. Akaniambia mama, anasema hapa pamefungwa, sisi siku zote tunapita geti la nyuma.

Kumbe, dada yangu, kwa Kizulu kuvala ni kufunga, na kuvula ni kufungua. Mzee wa watu alikuwa anamwambia Mansour geti hili limefungwa, zungukia kule. Nikasogea penye wavu nikachungulia. Uwanja mzima watoto wako foleni na kaptula zao, fulana za mpira, kandambili, mmoja kifua wazi kabisa. Hakuna sare hata moja. Mtoto wangu kaja pale tangu likizo ianze, peke yake na soksi zake magotini, na sisi tukamwambia anachekwa kwa unadhifu.

Nilicheka. Nilicheka hadi nikashika wavu, na baba Steve akacheka kwa kunisaidia tu, bila kujua tunacheka nini. Shufaa naye akacheka mwisho. Ila Arlène hakucheka. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Kicheko kikanikauka. Huyu Kizulu ndiyo lugha yake. Alikuwa mlangoni siku Mansour alipotutangazia, neno "kuvaliwe" alilisikia kwa masikio yake mwenyewe. Nikamtuma Shufaa atangulie akale, nikachuchumaa nikamuuliza Arlène kama alijua.

Akanijibu kwa Kiswahili, na mtoto yule hajawahi kunisemesha Kiswahili. "Nilijua, anti. Lakini kule hawaachi kubeba. Mimi nikila kule, mama atakula nini?"

Nilikumbuka ukoko ule juu ya kifuniko, nikajua haukuwa akiba yake ya jioni. Mtoto wa miaka kumi amepewa sababu ya kubaki nyumbani na mjuaji wetu, akaipokea kimyakimya, kwa kuwa hakutaka kushiba peke yake. Nilimwambia mama yake atakula kwangu. Akaitika kwa heshima, kama anavyoitikiwa mtu anayeahidi, lakini miguu haikwenda. Sikumlaumu. Tukarudi naye nyumbani.

Njiani nilikuwa nafikiria ile sahani. Nikipeleka sahani, haitapokelewa. Basi nisipeleke sahani. Nilipofika nikapika wali na maharage ya nazi, nikapakua kwenye sinia kubwa, nikalitandika chini sebuleni. Nikamwita Emérite, nikamwambia nimelemewa na pindo za suruali za watu, namuomba anisaidie kushona kwa mkono kila siku mchana, na kwa kuwa tutakuwa tumekaa pamoja tutakula pamoja. Alitazama sinia. Alitafuta sahani yake, hakuiona. Kwenye sinia hakuna cha kurudisha, wote tunachota upande wetu na linabaki langu. Nadhani alinielewa mchezo wangu, si mjinga yule. Akanawa mikono. Arlène alisimama palepale mlangoni, akamwangalia mama yake akila tonge la kwanza, la pili, hadi akaanza kuuliza kama kuna ndimu. Ndipo naye akakaa.

Jioni nilimwambia Mansour maana ya kuvaliwe. Akauliza, "Na suruali yangu?" Nikamwambia imekuwa gauni. Nilipomweleza na lile la Arlène hakuuliza tena habari ya suruali. Alitoka nje akasimama uani, aliporudi macho yalikuwa mekundu akasema ni vumbi, na mvua ilikuwa imetoka kunyesha.

Asubuhi yake Arlène akaja mlangoni kwangu na kaptula na kandambili, gauni amelikunja vizuri mkononi. Akanipa nimtunzie hadi shule zitakapofunguliwa. Akaniambia, "Anti, leo kuvuliwe." Kwao maana yake pamefunguliwa. Kwetu unajua maana yake. Hata sasa sijui alisema kwa lugha ipi, ila alikuwa anacheka, na wakaondoka wakikimbia na Shufaa asiye na soksi.

Tangu hapo anakwenda. Ila akirudi, kabla hajavua kandambili wala hajasema kule wamepewa nini, anapita kwanza sebuleni. Anatazama sinia, upande wa mama yake, kuona wali umechimbwa kiasi gani. Mimi sasa siliondoi sinia mpaka aje aone. Emérite anajua. Siku nyingine amekinai, mimba imemkaa vibaya, lakini anachimba palepale kwa ajili ya yule mtoto.

Da Zabibu, nina ombi. Twalib akirudi na bibi harusi wake, nitumie kitambaa cha kijivu, kizito kidogo, kinachotosha suruali ya mwanamume mnene wa wastani. Usimwambie Mussa sababu, atanichekea baba yake mdogo mpaka Idi. Na kama kuna kanga kuukuu laini, ziweke pia, Emérite anakaribia kujifungua na nepi za kanga huku hazipatikani.

Nisalimie Mussa na mkewe, mwambie mama mdogo anamuuliza cherehani. Nisalimie Bi Mwanahawa wa nyumba ya nyuma, na mjomba Ameir, kama bado amenuna mwambie nimemsalimia mara mbili. Shufaa anakuambia shikamoo mama mkubwa, amejifunza kuiandika lakini karatasi imeisha. Mansour anakusalimu na kukuomba usiyaamini yote niliyoandika.

Mungu akuvulie kila mlango kwa Kizulu, na kwa Kiswahili akuvalishe afya, goti na yote. Akuweke hadi tukae tena sinia moja, mimi upande wako.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Zuhura